Tujifunze Kutunga Hadithi: Karani wa Forodha wa Pangani



Watu wengi waliohitimu kisomo hutuuliza swali moja. Husema: "Sasa kusoma tunajua. Barua tunaandika. Hesabu za kikundi tunaweka. Je, na hadithi? Mtu wa kawaida anaweza kutunga hadithi, au hiyo ni kazi ya watu wa chuo kikuu?" Wengine hawaulizi. Wanakata shauri wenyewe kwamba hawawezi. Utawasikia wanasema: "Mimi mkulima, bwana. Hadithi zinataka mtu mwenye nafasi."

Leo tutajibu swali hilo kwa kumtazama mtu mmoja wa hapa hapa kwetu Tanga. Mtu huyo hakusoma chuo kikuu. Wala nafasi hakuwa nayo.

Huyo ni Shaaban Robert. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hadi 1926. Basi, shule ikaishia hapo. Mwaka huo huo wa 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza kuwa karani wa forodha, akafanya kazi Pangani. Forodha ni mahali mizigo inapokaguliwa na kutozwa ushuru. Katika kazi hiyo ya forodha alikaa mpaka 1944. Kisha akahamishiwa bara, mbali na bahari. 1946 akarudi Tanga, akawa katika ofisi ya wilaya mpaka 1952, halafu katika ofisi ya upimaji ardhi mpaka 1960. Alifariki Juni 1962, akazikwa kwao Machui.

Miaka hiyo tumeiandika kwa makusudi. Hebu itazame tena. Tangu 1926 hadi 1960 ni miaka 34. Muda wote huo mtu huyu alikwenda kazini asubuhi kama makarani wenzake. Mshahara wake ulikuwa wa ukarani, haukuwa wa hadithi. Na ni katika miaka hiyo hiyo alipoandika mashairi, tenzi, insha na hadithi. Vitabu vyake ni zaidi ya 20. Vingine hata hakuviona vikichapwa. Kufikirika kilitoka 1967 na Utubora Mkulima kilitoka 1968, mwenyewe akiwa kaburini miaka mitano na sita.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba hana nafasi, tunamwelewa. Jembe halingoji, na mtoto akilia halingoji lolote. Lakini tufanye hesabu kidogo, maana hesabu tulijifunza pamoja na kusoma. Mtu akiandika nusu ukurasa kwa siku, kwa siku 30 atakuwa na kurasa 15. Tutoe miezi mitatu ya kulima na kuvuna ambayo mtu anarudi nyumbani hoi. Inabaki miezi tisa. Mara kurasa 15, ni kurasa 135. Daftari la kurasa 80 litajaa, na la pili litapita nusu. Nusu ukurasa ni kazi ya muda wa ugali kuiva.

ILHAMU INATOKA WAPI?

Kuna neno ilhamu. Maana yake ni lile wazo linalokujia moyoni ghafla, hujui limetoka wapi. Watu wengi hufikiri kwamba mtunzi hukaa akingoja ilhamu imshukie, kama vile watu wanavyongoja basi la Pangani. Lisipokuja, anarudi kulala.

Sisi hatukatai kwamba ilhamu ipo. Ipo. Lakini mvuvi hajui samaki atapita saa ngapi, na hata hivyo dema lake limo majini tangu jana. Mwenye dema juani ufukoni, hata samaki apite mara kumi, atamsikia kwa wenzake tu. Dema la mtunzi ni mambo mawili: masikio yaliyo wazi mchana, na daftari lililofunguliwa usiku.

Fikirini mahali alipofanya kazi karani wetu. Forodhani hapiti mtu bila kueleza. Nahodha anafika na jahazi, anaulizwa: umetoka wapi, umepakia nini, unakwenda wapi? Karani anasikiliza na kuandika. Kesho anakuja mwingine wa bandari nyingine, na maneno mengine. Hiyo ndiyo kazi ya forodha, miaka 18.

Sasa kichukueni kitabu chake Kusadikika, kilichotolewa 1951. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Kijana mmoja jina lake Karama anashitakiwa mbele ya mfalme na waziri aitwaye Majivuno. Kosa lake ni nini? Amefundisha watu elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa kuwasimulia habari za wajumbe sita wa nchi hiyo waliotumwa zamani. Mmoja alikwenda mashariki, mmoja magharibi, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Walirudi na habari za mambo mema ya nchi za watu, na badala ya kushukuriwa wakaadhibiwa.

Mtu anayerudi safarini na kutoa habari! Hatusemi kwamba Shaaban Robert aliipata hadithi hiyo mezani pale Pangani. Hakuna mtu awezaye kusema hivyo. Lakini mtu aliyeshinda mlangoni pa bahari miaka 18 hakosi kujua safari zinavyosimuliwa.

Tena angalieni ujanja wake. Kitabu kilitoka wakati Waingereza bado wanatawala. Mtumishi wa serikali hawezi kusimama sokoni na kusema kwamba watawala hawataki watu wajue sheria. Angefukuzwa kazi, kama si zaidi. Lakini nchi iliyo angani nani ataishitaki? Wasomaji wengi wamekisoma kitabu hicho kama fumbo la utawala wa kikoloni. Hadithi inaweza kupita pale ambapo maneno ya wazi yanazuiwa na mlinzi.

Hapo ng'ambo ya maji, Unguja, alikuwako mtu mwingine wa namna hiyo hiyo, Muhammed Said Abdulla. Yeye alikuwa mkaguzi wa afya kwa miaka mingi, kisha akawa mhariri wa gazeti. Katika mashindano ya kutunga hadithi ya 1957 na 1958 alishinda, na hadithi yake ikatoka kitabu 1960, Mzimu wa Watu wa Kale. Ndani yake kuna Bwana Msa, mtu wa kiko, mpelelezi ambaye hakuna kitu kidogo kinachompita. Mkaguzi wa afya naye huchungulia nini? Kona, mitungi, nyuma ya nyumba. Sisi tunaona jicho ni lile lile. Hata yule Sherlock Holmes wa Uingereza, ambaye Bwana Msa ana undugu naye, alitungwa na daktari, Arthur Conan Doyle, wakati ambapo wagonjwa wake walikuwa wachache.

Basi na wewe usidharau kazi yako. Anayeuza samaki mnadani anajua jinsi mtu anavyosema uongo juu ya bei. Mkunga anajua mume anavyotembea uani usiku mkewe akiwa na uchungu. Aliyekata mkonge anajua mikono inavyokuwa jioni. Mambo hayo mtu wa chuo kikuu hana. Atakuja kukuuliza wewe.

HABARI NA HADITHI SI KITU KIMOJA

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Tuchukue jambo la kweli la pwani yetu. Yupo samaki anayeitwa silikanti. Ni mkubwa, rangi yake ni bluu yenye mabaka meupe, na baadhi ya mapezi yake yametoka mwilini kama vijimguu. Wataalamu walidhani amekwisha duniani tangu mamilioni ya miaka, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini 1938. Kuanzia 2004 wavuvi wa Tanga, wa Kigombe wakiwamo, wakawa wanamnasa katika majarife yaliyotegwa kwenye maji ya kina. Mwaka 2009 ikawekwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Tuseme unataka kutunga hadithi juu ya samaki huyo. Mwanafunzi mmoja anaweza kuanza hivi:

"Zamani kidogo katika kijiji chetu alivuliwa samaki wa ajabu. Watu wengi walikuja kumtazama. Walishangaa sana."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini hiyo ni habari, tena imekwisha. Msomaji hana sababu ya kuendelea. Sasa tazama mwanzo mwingine. Mvuvi tumwite Salehe, jina tumelibuni:

"Salehe alivuta jarife mara ya tatu, halikupanda. Jarife lenyewe alikuwa bado analidaiwa. Alijua limekwama mwambani. Akachukua kisu."

Je, atalikata? Akilikata, deni atalipaje? Asipolikata, na giza linaingia? Umeona! Samaki bado hajatokea hata ncha ya mkia, na sisi tayari tunataka kujua. Kilicholeta tofauti ni kwamba yuko mtu mmoja, anataka kitu kimoja, na kitu hicho kina kizuizi. Akija kumwona samaki, tutamwona pamoja naye kwa macho yake, na huenda kwanza atakasirika kwamba si papa wa kuuzika.

Kitabu cha wataalamu kitakuambia urefu na uzito wa silikanti. Hakitakuambia mvuvi alimwambia nini mkewe usiku ule. Hilo linakungoja wewe.

Mzee mmoja anaweza kutuuliza: "Salehe hayuko. Si ndio uongo huo?" Swali zuri. Mwongo anataka uamini, na anaficha. Mtunzi anakuambia mapema kwamba anatunga. Bibi akisema "Paukwa", kila mtoto anajua sungura hasemi, na bado anasikiliza mpaka mwisho.

Shaaban Robert alijua sana kumkamata msomaji kwa swali. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha 1952, yuko mtu mwema aitwaye Adili. Mjumbe wa mfalme anagundua kwamba kila usiku Adili huwapiga manyani wawili kwa mjeledi. Lo! Mtu mwema anapiga wanyama waliofungwa? Kumbe manyani wale ni ndugu zake, wamegeuzwa kwa ubaya wao, naye amelazimishwa kwa amri kuwapiga, na moyo unamuuma. Hatujui hukumu ya haki iko upande gani mpaka tusome. Hadithi ile yenyewe asili yake ni ya zamani, imo katika Alfu Lela Ulela. Yeye aliichukua, akaivika majina na mawazo yake. Usione haya kuchukua hadithi ya bibi yako na kuivika nguo mpya. Watunzi wakubwa wamefanya hivyo.

Jambo moja katika uandishi wake hatuwashauri wanaoanza kuliiga. Watu wake wengi majina yao yanataja tabia zao. Majivuno ana majivuno. Ndugu wa Adili ni Hasidi na Mwivu, umekwisha kujua kila kitu. Yeye aliweza, kwa kuwa alitaka kufundisha maadili na lugha yake ilikuwa na nguvu ya kubeba mzigo huo. Mwanafunzi akiiga, hadithi inakuwa kavu. Mtu wa kijijini kwako ambaye ni mchoyo wa pesa huenda ndiye wa kwanza kufika msibani. Mweke na uchoyo wake na msiba wake.

JIRANI ATAJITAMBUA

Tunaposema andika juu ya watu unaowajua, tahadhari. Kijiji ni kidogo. Ukiandika juu ya mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka msikitini aliyegombana na wifi yake juu ya mnazi, kesho mnazi utakuwa mlangoni kwako. Si jambo la kucheka, maana watu wameacha kusalimiana kwa mambo madogo kuliko hayo.

Dawa yake ni kuchanganya. Chukua ugomvi wa huyu, sauti ya yule, mwendo wa mwingine uliyemwona stendi ya Muheza. Mnazi ufanye mwembe. Wifi mfanye shemeji. Ukimaliza, jiulize: mwenyewe akisomewa, ataumia? Kama ataumia, bado hujachanganya vya kutosha. Siri uliyoambiwa kwa kuaminiwa haiingii kabisa katika daftari.

KUFUMUA

Akina mama wasukao ukili wanajua jambo hili kuliko sisi. Ukili ukienda upande, msukaji hasemi "basi, nitashona hivyo hivyo." Anafumua mpaka pale kosa lilipoanzia. Mkeka ulioshonwa kwa ukili uliopinda hautakaa sawa sakafuni hata ukiukalia mwaka mzima.

Siku ya kwanza andika tu, usitazame nyuma. Ukiwa hujui kama ni "dhahabu" au "zahabu", weka lolote uendelee. Tahajia itasahihishwa, lakini wazo likikimbia halirudi. Acha daftari siku tatu nne. Kisha msomee mtu kwa sauti. Mtazame usoni, usimwulize kama ni nzuri, kwa sababu atasema ni nzuri kwa adabu. Pale anapoanza kufukuza nzi, ndipo pa kufumua. Na pale ulimi wako mwenyewe unapojikwaa, sentensi ni ndefu mno. Ikate.

Unaweza pia kuuzoeza mkono kwa barua. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi. Barua hizo, za tangu 1931 hadi 1958, zimekusanywa zikachapwa kitabu 2002, Barua za Shaaban Robert. Yusuf naye alitunga hadithi. Mtu anayemwandikia ndugu yake kila mara anajifunza kumweleza mtu ambaye hayupo. Kutunga hadithi ni kazi hiyo hiyo. Siku hizi simu zimetupunguzia barua, na ni hasara kwa mkono.

Tenzi mbili zake mashuhuri aliziandika kwa watoto wake mwenyewe: Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume, na Utenzi wa Hati kwa binti yake. Kabla yake, kama mwaka 1858, Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi ambao unasomwa mpaka leo. Kwa hiyo ukishindwa kujua unamwandikia nani, chagua mtu mmoja umpendaye, uandike kama unamwambia yeye.

Tena wapo wasiojua kuandika ambao wana hadithi kuliko sisi wote. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja. Alikuwa akiuza vyungu. Hakujua kusoma wala kuandika, nyimbo alizibeba kichwani. 1928 sauti yake ikaingizwa katika santuri huko Bombay. Alifariki 1950. Ni nani aliyeandika maisha yake? Ni karani wetu yule yule: Wasifu wa Siti binti Saad, 1958. Santuri imebakiza sauti. Lakini kuuza vyungu, njia aliyopita, dharau aliyovumilia, hayo msomaji wa leo anayapata kwa sababu mtu alichukua kalamu.

Kijijini kwako wako wazee wa namna hiyo sasa hivi. Wengine wamepita miaka 80.

ZOEZI

Nenda kwa mzee mmoja wiki hii, bibi au babu, uchukue na daftari. Usimwombe "hadithi", atakwambia amesahau. Mwulize kitu kidogo: alipata wapi kanga yake ya kwanza, au siku mto ulipofurika walilala wapi. Mwache aseme, usimkate. Ukirudi, andika nusu ukurasa kabla ya kulala, ukianza na mtu mmoja anayetaka kitu kimoja. Kesho andika nusu nyingine. Daftari likifika kurasa tano, mrudie mzee huyo huyo umsomee. Kisha jibuni wenyewe darasani: Ni mahali gani alikusahihisha? Ni mahali gani alinyamaza? Kwa nini Salehe hakulikata jarife, au alilikata?